Fundi anajibu: nyota ukutani

Nina banda la mpira Mwanjelwa. Projekta yangu ya DLP inatoa vidoa vyeupe. Juzi vitatu, leo kama thelathini. Nisafishe lenzi kwa spiriti?

Lenzi haina kosa, iache. Ndani ya projekta ya DLP kuna chipu yenye vioo vidogo vya aluminiamu, kila kioo nukta moja ya picha. Picha ya 1024 kwa 768 ina vioo 786,432, na upana wa kimoja haufiki nusu ya unywele. Umeme hukilaza upande huu au ule, mara maelfu kwa sekunde: upande wa lenzi ni mwanga, wa pili giza. Kidoa cheupe ni kioo kilichogandia kwenye mwanga. Hakinasuki kwa spiriti, wala kwa kuipiga projekta makofi (nimeshuhudia). Ni kubadilisha chipu nzima. Ila kwanza fungua chujio. Majuzi nilifungua ya mteja nikakuta vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi, feni inahema, pasta ya joto (ile inayotoa joto kwenye chipu) nyuma ya chipu imekauka inabanduka. Weka chipu mpya kwenye joto hilo, utarudi kwangu unalia.

Projekta ya LCD nayo ina vioo hivyo?

Hapana. Na hili nimeshalijibu mara tatu.

Nani alibuni chipu hiyo? (Mwanafunzi, Iringa)

Larry Hornbeck wa Texas Instruments, Marekani, 1987. Kazi ya nyumbani inayofuata ufanye mwenyewe.

Umeme ukikatika ghafla inadhuru?

Taa inabaki ya moto na feni imesimama. Nunua UPS, betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika. Mwenye hela ya king'amuzi hakosi ya UPS.

Ni kweli kuna leza inayobadilishwa rangi kwa kusogeza kioo? (Makambako)

Kweli, na kioo hicho ndicho kinachonikosesha usingizi. Hakina aluminiamu ya kung'aa. Ni matabaka membamba ya nusukipitishi (semikondakta, jamii ya vitu vinavyotengenezea chipu), aina mbili zikipishana, kila tabaka unene wa robo ya wimbi la mwanga. Tabaka moja hurudisha mwanga kidogo sana. Makumi kwa pamoja hurudisha zaidi ya asilimia 99. Kioo huning'inizwa juu ya leza, uwazi mdogo katikati. Ukitia volti kinavutwa chini, uwazi unapungua, na wimbi linakuwa fupi, yaani rangi inabadilika. Kwenye mkongo, nyaya za faiba za intaneti, rangi zenyewe huzioni, maana mwanga wa nanomita 1,550 haumo katika uwezo wa jicho. Kwa hiyo nyie vijana mnaochungulia ncha ya faiba eti "haina mwanga", acheni. Tumieni kipimo cha mwanga.