Jibu: Kutoka uwakala wa sola hadi kuongoza timu

Ndugu, umeuliza kama kuuza mifumo mingi ya sola kunatosha kukutoa kwenye uwakala na kukufikisha kwenye kuongoza timu ya mauzo hapa Moshi. Kwa maoni yangu, hakutoshi. Paneli ya wati 50 ikipata jua kali kwa saa 4 hutoa takribani wati-saa 200, lakini wakati wa masika, mawingu yanapotanda Kibosho na Marangu, kiasi hicho hupungua sana. Wakala aliyemwahidi mteja televisheni ya usiku kucha ndiye anayelaumiwa, na mteja husimamisha marejesho ya mkopo wa mfumo. Kwa hiyo, ukitaka kuongoza, anza kwa kufuatana na mawakala wapya nyumba kwa nyumba, uwasikilize, na upiganie kamisheni zao zilipwe kwa wakati (mimi nilielewa hilo baada ya mawakala wawili hodari kuniacha).