Aliyepewa nusukaputi huwa wapi?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama fahamu za mtu zaweza kubaki baada ya yeye kufa. Nililisoma swali hilo barazani, hapa Langoni, Lamu, na wazee wakanijibu hata sijalimaliza. Maiti husikia vishindo vya viatu vya waliomzika wakiondoka. Ndiyo maana husomewa talkini, akumbushwe atakavyowajibu Munkar na Nakir, malaika wanaomhoji maiti kaburini. Kwao mjadala uliishia hapo, tukarudi kwenye siasa.

Mimi nina la kuongeza kwa sababu ya kazi yangu. Ni miaka mingi sasa nawalaza wagonjwa kwa nusukaputi, na jibu langu ni hapana: fahamu, yaani huku kuona, kukumbuka na kujijua, hazibaki. Jibu hilo sikulipata kwa maiti. Nimelipata kwa watu walio hai kabisa.

Dawa nyeupe iitwayo propofoli ikishaingia mshipani, baharia aliyekuwa akinihadithia habari za kusi hukatika katikati ya neno. Dakika haifiki. Moyo wapiga, damu yazunguka, ubongo wapata oksijeni yake yote, na mwenyewe hayupo. Tena si usingizi huu wetu wa usiku. Aliyelala ukimwamsha hujua kuwa muda umepita. Huyu akizinduka huuliza mbona hamjaanza, na nyuzi zishafungwa zamani. Wapo wanaotaja ndoto, lakini wengi hawana hata giza la kusimulia. Basi ikiwa sindano moja yatosha kuziondoa fahamu ilhali ubongo ni mzima, anayedai kuwa zitakuwepo ubongo ukishaoza ana kazi ya kunieleza zilikuwa wapi siku ile mezani kwangu.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Mwanafalsafa wa Marekani, William James, aliitoa mwishoni mwa karne ya 19: huenda ubongo hauzalishi fahamu, wazipitisha tu. Siku hizi watu huieleza kwa redio: ikiharibika, mtangazaji bado yuko stesheni. Sawa, lakini redio mbovu hukwaruza tu. Haimgeuzi mtangazaji akawa mtu mwingine. Kiharusi hufanya hivyo. Nimemwona mzee mpole, aliyekuwa haachi kuwatania wajukuu, akiamka na matusi na tuhuma kwa mkewe kwa sababu ya sehemu ndogo ya ubongo iliyokosa damu. Hapo kilichoguswa ni mtangazaji mwenyewe.

Najua wazee wataniuliza: na talkini je? Nitaendelea kukaa kando ya kaburi ikisomwa, na nitataka nisomewe. Sura ya Az-Zumar, aya ya 42, yasema Mwenyezi Mungu huzichukua roho wakati wa kufa, na za wasiokufa huzichukua usingizini, kisha huzizuia hizo na kuzirudisha hizi mpaka muda uliowekwa. Mimi nazijua fahamu kwa kuwa naweza kuzizima na kuzirudisha. Roho siijui, na Qurani yenyewe imesema kuwa ni jambo la Mola, nasi hatukupewa elimu ila kidogo. Huyo mfu anayesikia talkini, kama asikia, hasikii kwa hili sikio wala kwa huu ubongo.

Mwenzangu mmoja kazini, Mgiriama wa Malindi, ana msimamo wa wazi kuliko wetu. Kwao koma, yaani roho ya marehemu, huja ndotoni na madai yake, na mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, akifa huchongewa kigango, nguzo ya mbao ya ukumbusho, ambacho hakitakiwi kuhamishwa kilipowekwa. Vigango vingi viliibwa vikauzwa Marekani. Mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver yalikubali kurudisha 30. Huku nyuma kuna waliosema ukame na maradhi ni hasira za waliovunjiwa heshima. Koma basi ana kumbukumbu, ana haja, ana kinyongo, na hizo ni fahamu kamili. Sikubaliani naye, ila sijamsikia hata siku moja akinitolea jarida la kitabibu.

Vijana wetu ndio wanaolitoa. Wananitumia habari za waliozimika moyo wakarudi na hadithi za mwangaza, eti ushahidi wa barzakhi, yale maisha ya baina ya kufa na kufufuliwa. Habari zenyewe ni za kweli. Mwaka 2001 daktari wa Uholanzi, Pim van Lommel, aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu wagonjwa 344 waliofufuliwa moyo, na 62 kati yao walisimulia mambo ya namna hiyo. Lakini hao walirudi. Moyo kusimama si ubongo kufa, na mwaka 2013 watafiti wa Michigan waliona ubongo wa panya ukivuma kwa mawimbi ya kasi ndani ya nusu dakika baada ya moyo kusimama. Mwaka 2023 wakaona jambo kama hilo kwa wagonjwa wawili kati ya wanne walioondolewa mashine ya kupumua. Mwangaza waweza kuwa kazi ya mwisho ya ubongo, na ubongo huo bado upo.

Aliyelipima jambo hili kwa haki ni daktari Sam Parnia. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2014, katika hospitali 15, uliweka rafu karibu na dari zenye picha ambazo angeziona tu anayeelea juu ya kitanda chake. Mioyo 2,060 ilisimama. Waliohojiwa kikamilifu ni 101, na wawili ndio waliosema waliona na kusikia yaliyotendeka. Mmoja habari zake ziliwafikiana na yaliyotokea. Bahati mbaya wote wawili walizimika mahali pasipo na rafu. Picha haikusomwa. Siku itakaposomwa, na msomaji awe hakuingiza mtu wa kumnong'oneza, nitawaandikia tena, na safari hiyo nitaanza kwa kuwaomba radhi wazee wa Langoni.