Maswali na Majibu: Majalada Yaliyolowa na Fomu ya Upekuzi

SWALI: Ndugu Mhariri, masjala yetu iko jirani na bonde la Msimbazi. Masika iliyopita maji yaliingia, tukaanika majalada ya watumishi barazani. Mkuu wetu alikasirika sana. Tulikosea wapi?
Mtunza kumbukumbu, Ilala

JIBU: Mlikosea mara mbili, na kosa la pili ndilo kubwa.

Jua hukunja karatasi na kufifisha wino. Zikausheni chumbani penye hewa, feni ikielekea ukutani. Kabla ya kuingia, zimeni umeme kwenye swichi kuu, mvae glavu na mabuti, maana maji ya bondeni huja na ya vyoo. Jalada lililolowa ukilinyanyua kwa gamba lake, kurasa zinabaki sakafuni. Pitisheni sinia chini yake. Kurasa zilizogandana msizibandue zikiwa chapachapa. Kila baada ya kurasa kumi hivi wekeni karatasi nyeupe isiyoandikwa, mbadilishe inapolowa. Gazeti halifai, wino wake huhamia. Kuvu huweza kuanza ndani ya saa 48, na kwa joto na unyevu wa Dar msitegemee muda wote huo. Kazi ikiwazidi, fungeni majalada kwenye mifuko ya plastiki myatie kwenye friza. Baridi husimamisha kuvu, nanyi mtayakausha kidogo kidogo.

Sasa lile la pili. Jalada la mtumishi lina vyeti vya daktari, mashauri ya nidhamu, namba ya akaunti. Barazani kila mpita njia aliweza kuyasoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haisimami kwa sababu ya mafuriko, na habari za afya zimo kwenye taarifa nyeti. Chumba cha kukaushia kiwe na kufuli, wafanye kazi watu wawili wanaoruhusiwa kushika majalada hayo, simu zibaki nje. Andikeni kwenye rejista namba ya kila jalada na idadi ya folio (karatasi zenye namba ndani yake), linapotoka na linaporudi. Bila hiyo, likikosekana hamtajua kama limechukuliwa na maji au na mtu.

Kabla ya Machi, tazameni mstari wa matope ukutani. Rafu ya chini ipande juu ya mstari huo, na majalada ya siri yakae juu kabisa.

SWALI: Najaza fomu ya upekuzi, ile ya kuchunguza historia ya mtumishi. Niliwahi kuachishwa kazi. Niache miaka hiyo wazi?
Msomaji, Temeke

JIBU: Usiiache, ndugu yetu. Pengo huzua maswali mengi kuliko ukweli wenyewe, na ukificha, kuficha huko ndiko kutakakokuponza. Andika mwajiri, tarehe na sababu kwa sentensi moja. Majina yalingane na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA. Yakitofautiana, ambatisha hati ya kiapo.

Ukichapisha steshenari, simama hapo hapo. Futa faili kwenye kompyuta yao, futa na kwenye kapu la takataka, toka kwenye barua pepe yako, na nakala iliyoharibika ondoka nayo mfukoni.