Uchelewaji wa joto: nilichojifunza kwenye bomba linalovuma

Kama unaanza utafiti wa jinsi mwali na sauti vinavyochocheana, kompyuta iache kwanza. Nenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mwombe fundi akukatie bomba la chuma la mita moja, wazi pande zote mbili. Ndani yake, sentimita 25 kutoka chini, kaza kipande cha wavu wa chuma. Lisimamishe wima, pasha wavu kwa moto wa gesi hadi uwe mwekundu, kisha ondoa moto. Vaa glavu nzito, linaunguza vibaya. Bomba litavuma kwa sauti nene inayojaza chumba kizima, sekunde kadhaa, hadi wavu upoe. Ukililaza, sauti inakatika, kwa kuwa hewa haipandi tena. Mholanzi Pieter Rijke alilieleza jambo hili mwaka 1859.

Mimi nilianzia kwenye kompyuta. Wiki tatu nzima, chumbani kwangu Sinza, modeli ya bomba hili ilikataa kuvuma: mtikisiko mdogo niliouweka haukukua wala haukufa. Nilipitia milinganyo ya mawimbi mstari kwa mstari, yote sahihi. Kosa lilikuwa kwenye joto. Niliandika kwamba kasi ya hewa ikibadilika, joto linalotoka kwenye wavu hubadilika papo hapo.

Mwanafizikia Mwingereza Rayleigh alishasema mwaka 1878: joto likiongezwa hewa ikiwa imebanwa, mtetemo hupata nguvu, likiongezwa hewa ikiwa imetanuka, hufifia. Na ndani ya bomba, mgandamizo na kasi ya hewa hupishana kwa robo ya mzunguko. Joto linalofuata kasi bila kuchelewa huusukuma mtetemo na kuuzuia kwa kiasi kilekile. Jumla ni sifuri.

Bomba la mita moja hutetemeka karibu mara 170 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja ni kama milisekunde 6. Niliweka uchelewaji wa milisekunde 1 tu, mtikisiko ukakua. Nikausogeza wavu nusu ya juu ya bomba, mtikisiko ukafa. Nikarudia kwenye bomba lenyewe: kimya kabisa. Furaha ya jioni ile sijaisahau.

Kwenye mwali halisi, uchelewaji hutokana zaidi na muda ambao mchanganyiko wa gesi na hewa unatumia kusafiri hadi unapoungua. Jambo hili si la maabara tu. Umeme wetu Dar kwa miaka mingi ulitegemea sana gesi asilia inayochomwa kwenye mitambo ya Kinyerezi na Ubungo, na popote gesi inapochomwa kwa hewa nyingi ili kupunguza oksidi za nitrojeni zinazochafua hewa, mtetemo wa namna hii unaweza kupasua kuta za chemba ya kuchomea gesi.

Ukikosa vifaa vya kupima uchelewaji, ubadilishe kwenye modeli kidogo kidogo kutoka sifuri hadi mzunguko mzima, uchore mtikisiko unakua wapi na unakufa wapi. Mpelekee msimamizi wako mchoro huo kabla ya kitu kingine chochote.