Usiondoe hiyo programu kabla hujakopi data

Mkuu, hapo ulipofika simama. Usiondoe chochote leo usiku.

Umesema umepitisha programu ya kusafisha kompyuta, ukatiki kila kiboksi mpaka rejista na mafaili yanayojirudia, sasa programu ya mahesabu ya duka lako la dawa inagoma kufunguka, inalalamika haioni VCRUNTIME140.dll, Word nayo kila ukiifungua inaanza kujisetapu upya, na laptopu bado nzito vile vile. Halafu jamaa yako kakwambia uing'oe hiyo programu ya mahesabu yote kwa zile zana zinazokwangua mpaka mabaki, uiweke upya, basi. Hilo "basi" ndilo limenifanya niandike, maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo na picha za watoto wa shule kadhaa zikaenda na maji.

Kilichokukuta kwanza. Programu nyingi za Windows zinabeba DLL zake zenyewe (vifaili ambavyo programu inavihitaji ili ifanye kazi) ndani ya folda zake, na unaweza kukuta DLL ile ile, jina lile lile, ukubwa ule ule, kwenye folda kumi tofauti kule Program Files. Haijakosewa, imewekwa hivyo makusudi ili kila programu iwe na yake. Sasa ile sehemu ya "mafaili yanayojirudia" inachofanya ni kuhesabu tu, inaona kumi zinafanana, inabakiza moja inafuta tisa. Ni sawa na mtu apite nyumba za mtaa mzima, akute kila jiko lina sufuria inayofanana, azibebe zote amwachie mmoja tu, halafu ashangae watu hawajapika. Ukiongeza na kusafisha rejista, ambako ndiko Windows inakoandika programu gani iko wapi na inatumia nini, ndiyo maana Word inadhani haijawahi kusetapiwa kwenye hiyo mashine.

Ila sikia hapa vizuri mkuu. Mpaka dakika hii ulichopoteza ni mafaili ya programu, na mafaili ya programu yanapatikana tena, hata kesho, hata bure. Data ya duka, yaani stoku, madeni, mauzo, haipatikani popote duniani isipokuwa kwenye hiyo laptopu.

Mimi nina stationery, tunatoa vitambulisho vya wanafunzi. Programu tuliyokuwa tunatumia ni ya zamani ya biti 32, na kama nyingi za enzi hizo data yake haikai Documents, inakaa ndani ya folda yake yenyewe kule C:\Program Files (x86). Majina na madarasa kwenye faili moja la hifadhidata lenye mwisho wa .mdb, picha kwenye folda pembeni yake. Kijana wa dukani akapitisha safisha safisha kama uliyopitisha wewe, programu ikagoma kufunguka. Siku ile data ilikuwa nzima. Narudia, NZIMA. Vilivyofutwa ni vidude viwili vitatu vya DLL, kazi ya robo saa kwa mtu anayejua.

Akaitwa fundi. Hakufungua folda hata kuchungulia. Akachomeka flashi yake, akaweka zana ya kuondolea programu, akaondoa, zana ikaleta orodha ndefu ya "mabaki" na kuuliza ifute yote, akabonyeza yote, ndiyo, ndiyo, maliza. Hayo mabaki ndiyo ilikuwa ile .mdb na folda ya picha. Kiondoaji cha kawaida cha programu mara nyingi kinafuta yale tu iliyokuja nayo na data ya mteja inabaki kwenye folda, lakini hizi zana za kukwangua kazi yake ndiyo hiyo, inaona folda ya programu iliyoondolewa bado ina vitu, inavihesabu takataka. Baada ya hapo akaweka programu upya juu ya diski ile ile, ikafunguka vizuri kabisa, nyeupe, haina mtoto hata mmoja, akaniambia bosi tayari. Akalipwa!

Na nyie mnaotaka kushuka chini kuandika "si ungekuwa na bekapu", vueni viatu kwanza mkae, bekapu ilikuwepo. Ilikuwa kwenye diski D, ndani ya kompyuta ile ile. Ile programu ya kusafisha ilipokuta picha za D zinafanana na za C ikazihesabu zinajirudia, ikafuta za D. Ilibaki .mdb ya zamani peke yake kwa sababu haikufanana na mpya. Kwa hiyo nilikuwa na majina bila sura. Tulirudi shule kupiga picha upya darasa kwa darasa, kwa gharama zetu, na shule moja haikutaka hata kutusikiliza, kazi ikaenda kwa mwingine.

Kurudisha vilivyofutwa tulijaribu. Diski ilikuwa SSD, zile za kisasa zisizozunguka, na SSD ukifuta faili Windows inaiambia diski sehemu hiyo haina kazi tena, diski inaisafisha yenyewe kimya kimya, hiyo wanaita TRIM. Zana za kurudisha mafaili zilileta majina ya picha, ukifungua hakuna kitu ndani. Ingekuwa diski ya zamani ya kuzunguka ungekuwa na nafasi kama hujaandika kitu juu yake, na fundi alikuwa keshaandika programu nzima.

Kinachoniuma mpaka leo si kwamba fundi hakujua DLL. Hakuuliza swali moja kabla hajagusa mausi: data yako inakaa wapi? Mtu asiyeuliza hilo msimpe kompyuta ya biashara jamani, hata akiwa mtoto wa shangazi. Na hawa wanaouza na kugawa programu za kusafisha rejista, wanakutisha na namba nyekundu "matatizo 847" wakati Microsoft wenyewe wamesema wazi hawaungi mkono hizo zana, na tatizo likitokana nazo hawakuahidi kwamba litatatulika bila kuweka Windows upya. Mwaka 2017 hata CCleaner, zana ya kusafisha inayojulikana dunia nzima, toleo lake la 5.33 lilitoka kwenye seva halali likiwa limepandikizwa kirusi, likaingia kwenye kompyuta zaidi ya milioni 2 kabla watu hawajashtuka. Sasa wewe unaipa zana ya aina hiyo ruhusa ya kufuta ndani ya Program Files ya duka la dawa.

Kwa hiyo leo usiku fanya hivi. Tafuta diski ya nje au flashi yenye nafasi. Fungua File Explorer, kule View washa vitu vilivyofichwa vionekane. Ingia folda ya hiyo programu ya mahesabu, C:\Program Files na ile ya (x86), panga mafaili kwa tarehe ya kubadilishwa. Faili lililobadilika siku ya mwisho uliyouza dawa ndilo lenye roho yako. Usipoliona hapo angalia C:\ProgramData, halafu hii ambayo watu wengi hawaijui: C:\Users\jina lako\AppData\Local\VirtualStore. Tangu Windows Vista, programu ya zamani ikijaribu kuandika ndani ya Program Files bila ruhusa Windows inaigeuzia njia, inaandika huko, na mwenyewe unadhani data iko kwenye folda ya programu. Kopi folda zote nzima nzima, usichague.

Kama programu yako inatumia SQL Server, yaani programu ya Microsoft ya kutunzia data, mafaili yana mwisho wa .mdf na .ldf na yatakataa kukopika kwa sababu yanatumika. Andika services.msc kwenye Start, tafuta huduma ya SQL Server, isimamishe, ndipo ukopi, na ubebe yote mawili maana moja bila mwenzake utahangaika. Ukimaliza chomeka flashi kwenye kompyuta nyingine uone mafaili yapo na ukubwa unalingana. Usikopi kwenda D ya laptopu hiyo hiyo, nimeshakuambia yaliyonikuta.

Ukishakopi, na si kabla, sasa cheza. Fungua Recycle Bin, angalia na ndani ya hiyo zana ya kusafisha, nyingine zinaweka akiba ya walichofuta au faili la .reg la rejista kama ulikubali walipouliza, hilo unabonyeza mara mbili rejista inarudi. Kama kuna restore point (akiba ya hali ya Windows ya siku za nyuma) ya kabla ya siku uliyosafisha, andika rstrui kwenye Start uirudie, lakini kwenye Windows 10 nyingi hiyo kitu imezimwa usishangae kukuta patupu. Kuna watakaokwambia uchukue rejista ya zamani kwenye folda ya RegBack, tangu toleo la 1803 Windows haiweki kitu pale, utakuta mafaili ya KB 0.

Hiyo VCRUNTIME140.dll usiipakue kwenye tovuti zinazogawa DLL moja moja, nakuomba. Inakuja ndani ya Microsoft Visual C++ Redistributable, iko bure kwa Microsoft wenyewe, weka ya x86 (biti 32) na ya x64 (biti 64) zote mbili hata kama Windows yako ni ya biti 64. Watu wanachukua DLL moja mtandaoni wanaitupia System32, kumbe System32 ndiyo ya biti 64 na ile yenye jina la SysWOW64 ndiyo ya biti 32, programu inakutana na DLL isiyo ya biti zake inatoa kosa la 0xc000007b na sasa una matatizo mawili. Word ipeleke Settings, Apps, Modify, uanze na Quick Repair, ikishindikana Online Repair ila hiyo inakula bando sana. Na ile amri ya sfc /scannow ambayo kila mtu anaiimba, ipige haina ubaya, lakini inatengeneza mafaili ya Windows tu, programu yako ya mahesabu haiijui.

Ikibidi kuweka programu ya mahesabu upya basi iweke juu ya ile ile bila kuiondoa, toleo lile lile, folda ile ile. Setapu nyingine huwa zinatandika data tupu juu ya yako, ndiyo maana nimekupigia kelele ya kukopi.

Na hiyo zana ya kusafisha ingia Task Manager, kwenye Startup, uizime sasa hivi, nyingi zinajiwasha zenyewe na kusafisha tena bila kukuuliza. Ukishakopi rudi hapa uandike jina la programu, mafaili uliyoyakuta yana mwisho gani na la mwisho lina tarehe ya lini, ndipo tuongee cha kufuata.