Pensheni ya anayeamua ndoa zetu

Barua za wiki hii zimetoka pande nne, kilio ni kimoja: watu wanaosikiliza kesi zetu za talaka, matunzo ya watoto na mirathi, wakizeeka wanakula nini?

Shikamoo. Baba yangu ni kadhi huku Tanga, chini ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Miaka 18 anasuluhisha ndoa za watu. Sasa ana miaka 66, macho yamepungua nguvu, na hana pensheni. Kwa nini?

Marahaba, mwanangu. Jibu linauma: serikali haimhesabu baba yako kuwa mtumishi wake. Tanganyika ilikuwa na makadhi ndani ya mfumo wa serikali mpaka mahakama zilipounganishwa mwaka 1963. Kadhi wa leo Tanzania Bara anaitumikia BAKWATA, iliyoundwa 1968. Sheria ya Ndoa ya 1971 inawataka wanandoa wanaotaka talaka wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na kwa Waislamu wengi baraza hilo ni la BAKWATA. Likishindwa kuwapatanisha, hati yake ndiyo wanayokwenda nayo mahakamani. Kwa hiyo dola inaitegemea kazi ya mzee, lakini uzee wake haiujui. Hilo silikubali hata kidogo.

Sasa cha kufanya. Muulize baba kama ana barua ya ajira, na kama anachopokea ni mshahara au posho ya hapa na pale. Kama ni mshahara, mwajiri wake, hata akiwa taasisi ya dini, anatakiwa kumwandikisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kupeleka michango. Kama hakupeleka, nendeni ofisi ya mfuko mkatoe taarifa. Mfuko una nguvu ya kisheria ya kumdai mwajiri. Kama ni posho tu, zamani angeweza kuchangia mwenyewe kwa hiari, lakini pensheni inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Kwa umri wake sitakudanganya, njia hiyo imeshampita. Makadhi wenye miaka 35 mnaosoma hapa, anzeni mwezi huu.

Mimi ni hakimu wa mahakama ya mwanzo. Kesi za ndoa ndizo zinazojaza meza yangu. Nikistaafu nitalipwa kama jaji?

Hapana, dada yangu. Majaji wana sheria yao ya mishahara na mafao, ya mwaka 2007. Wewe uko PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, pamoja na walimu na wauguzi: unakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza 15, kisha unakutana na kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao.

Tufanye hesabu. Tuseme umechangia miezi 240 na wastani wa mshahara wako katika miaka mitatu bora ni 1,500,000. Chukua mshahara wa mwaka, 18,000,000, zidisha kwa 240, gawa kwa 580. Unapata kama 7,448,000, ndiyo pensheni yako nzima ya mwaka. Kama ulitokea PSPF au LAPF, mifuko ya zamani ya watumishi, tangu bajeti ya 2024 mkupuo, yaani fedha unazopewa mara moja ukistaafu, ni asilimia 40 ya hiyo, mara 12.5: karibu milioni 37.2. Asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12, kama 372,000 kila mwezi. Aliyekuwa akilipwa milioni moja na nusu ataishi kwa hiyo.

Sheria ya Ndoa inakupa mamlaka ya kusikiliza shauri la talaka sawa na Mahakama Kuu. Mnaweza kuamua jambo lilelile, wewe na jaji, halafu mkaachana njia siku ya kustaafu. Sisemi mlingane kwa kila kitu, ila pengo hilo ni kubwa mno.

Makadhi wa Unguja na Mombasa nao je?

Wao wamo ndani. Zanzibar mahakama za kadhi ni sehemu ya Mahakama ya serikali. Kenya, Katiba ya 2010 inazitaja kwenye kifungu cha 170, na kadhi huajiriwa na Tume ya Huduma za Mahakama kama hakimu. Mafao yao ya uzeeni ni ya utumishi wa umma.

Mimi ni Mkristo wa Iringa. Kodi yangu ilipe pensheni ya kadhi?

Swali la haki, ndugu yangu, na Katiba yetu iko upande wako kwa sasa: ibara ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Na muswada wa mahakama ya kadhi ulikwama bungeni mwaka 2015. Mimi sidai mshahara wa serikali kwa kadhi. Nadai kitu kidogo zaidi: yeyote anayeketi kwenye baraza la usuluhishi linalotambuliwa na Sheria ya Ndoa, awe shehe, mchungaji au mzee wa kata, achangiwe kwenye mfuko kwa kazi ile tu ambayo sheria yenyewe inawalazimisha wanandoa kumpelekea. Na mchungaji wako wa Iringa atakuwemo.