Picha za Radha na Krishna: anza na mahali patupu

Mtu akitazama picha ya Kipahari, zile ndogo za falme za vilima vya Himalaya kama Basohli, Guler na Kangra, macho hukimbilia uso. Uso hausemi mengi: umechorwa kwa upande, unafanana na mwingine, na haulii. Hamu ya Radha, mpenzi wa Krishna mungu wa Kihindu, itafute kwenye nafasi kati yao wawili, au kwenye kitanda kisicho na mtu.

Kisha jua ni mwanamke yupi, maana wachoraji walifuata mafungu manane ya kale ya mwanamke apendaye. Kitanda kimetandikwa, naye amejipamba anachungulia mlangoni: vasakasajja. Amekaa msituni juu ya malazi ya majani, mpenzi kachelewa: utka. Anavua vikuku na kuvitupa chini: vipralabdha, aliyeahidiwa akaachwa. Anayekwenda peke yake usiku, umeme unamulika, nyoka miguuni na mtali umedondoka nyuma yake, ni abhisarika. Hapa wengi huteleza na kudhani nyoka ni shetani. La, nyoka ni kipimo cha shauku: yuko pale ili uone kwamba Radha hamjali.

Mawingu nayo yasome. Masika ya India ndiyo majira ya msafiri kurudi nyumbani, kwa hiyo wingu jeusi juu ya mwanamke aliye peke yake ni lawama. Korongo wawili, au mmea uliojiviringisha kwenye mti, ni kile anachokikosa.

Picha nyingi kati ya hizi zimetokana na Gita Govinda, utenzi wa Kisanskriti wa Jayadeva wa karne ya 12. Mchoraji Manaku wa Guler aliuchora mwaka 1730. Humo Krishna naye anateseka. Ukimkuta ameinama miguuni pa Radha, mchoraji hajakosa adabu, ndivyo utenzi unavyosema. Kwa wafuasi wa bhakti, yaani ibada ya kumpenda Mungu, roho humtamani Mungu, na Mungu naye huitamani roho. Anayeona wapenzi wawili tu hapo amekosa nusu ya picha, ingawa anayekana kwamba ni wapenzi amekosa nusu nyingine.

Ukizitazama picha hizi kwenye simu utapotezwa na jambo moja. Zumaridi za picha za Basohli ni vipande vya mabawa ya mbawakawa vilivyobandikwa. Mwanga usipowekwa vizuri huenda yakaonekana madoa meusi tu. Tafuta picha iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni, na ya upande wa nyuma pia, kwani beti mara nyingi zimeandikwa huko.